Babu wa Babu Yako Aliitwa Nani?

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu wa kisomo na wahitimu wa elimu ya watu wazima, chini ya mwembe wa shule. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)

  

Juma lililopita tulisoma habari za biashara ya watumwa. Tulipomaliza, mzee wetu mmoja aliuliza swali. Alisema: "Mwalimu, mimi nikiulizwa ukoo wangu nitakutajia baba, babu, baba yake babu, mpaka mtu wa saba. Shangazi yangu alinifundisha tangu nachunga mbuzi. Lakini huyo aliyekamatwa akauzwa ng'ambo, mjukuu wake atamjuaje?"

Siku ile sikuwa na jibu. Niliahidi kwenda kusoma. Nimesoma, na leo nimekuja na jibu. Tulieni kidogo, maana jibu lenyewe linatuhusu na sisi pia.

Kwa ufupi ni hivi. Watu weusi wa Marekani, wale ambao wazee wao walikuwa watumwa, huwatafuta wazee wao katika karatasi za zamani. Karatasi ni za namna nyingi, lakini mbili husaidia sana. Ya kwanza ni karatasi ya sensa, yaani hesabu ya watu. Ya pili ni karatasi ya pensheni, yaani malipo ya askari aliyestaafu au ya mjane wake.

Karani aliyeandika karatasi hizo hakuwa akifikiria ukoo wa mtu. Karani wa sensa alitaka hesabu. Karani wa pensheni alitaka kujua kama fedha za serikali zinakwenda kwa mtu anayestahili. Lakini leo wajukuu wanasoma mle majina ya wazee wao.

WALIHESABIWA BILA MAJINA

Tuanze na sensa. Marekani ilifanya sensa yake ya kwanza mwaka 1790. Tangu hapo sensa hufanywa kila baada ya miaka 10. Sababu yake kubwa ilikuwa kugawa viti vya Bunge. Jimbo lenye watu wengi lilipata wabunge wengi.

Sasa hapo palizuka jambo la ajabu. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa wengi. Je, hao wahesabiwe kama watu? Wakubwa walibishana, kisha wakapatana hivi: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Msidhani kwamba mtumwa alipewa kura. La, hakupewa. Alihesabiwa tu ili jimbo la bwana wake lipate wabunge zaidi.

Katika sensa za mwaka 1850 na 1860, kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Watumwa waliandikwa katika karatasi za peke yake. Kwanza liliandikwa jina la mwenye watumwa. Kisha mstari mmoja kwa kila mtumwa. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Mwanamume, miaka 25, mweusi. Mtoto wa kike, miaka 6. Jina hakuna, isipokuwa mahali pachache sana.

Ninyi wafugaji mnalijua daftari la josho. Huandikwa jina la mwenye ng'ombe, halafu majike mangapi, madume mangapi, ndama wangapi. Ndivyo walivyoandikwa wale watu. Na hawakuwa wachache. Mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4.

Mwaka 1861 vita vilianza kati ya majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini. Vilikwisha mwaka 1865, kusini wakashindwa. Mwishoni mwa mwaka huo utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima. Kwa hiyo sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza ambamo wote waliokuwa watumwa waliandikwa kama watu wengine: jina, umri, kazi, na jimbo alikozaliwa mtu.

Katika karatasi ile palikuwa na sehemu mbili ambazo sisi wa kisomo lazima tuzitazame. Moja ilikuwa ya mtu asiyejua kusoma. Nyingine ilikuwa ya asiyejua kuandika. Karani aliweka alama tu. Kwa watu wazima waliotoka utumwani, alama zile ni nyingi kurasa kwa kurasa. Si kwamba walikuwa wavivu wa kujifunza. Katika majimbo kadhaa ya kusini, kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la kisheria.

KUTOKA LEO KURUDI NYUMA

Haya, mtafutaji wa ukoo hufanyaje? Hafungui kitabu cha mwaka 1870 na kuanza kupekua. Huanza nyumbani kwake.

Kwanza, huketi na wazee walio hai. Bibi alizaliwa wapi? Wazazi wake waliitwaje? Kaka na dada zake ni akina nani? Yote huyaandika.

Pili, huenda kwenye sensa ya karibu iliyo wazi. Marekani huyafunga majina ya sensa kwa miaka 72, ili watu wasichunguliwe habari zao. Sensa ya mwaka 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Humo atamtafuta bibi akiwa bado mtoto katika nyumba ya wazazi wake.

Tatu, akishawapata wazazi wa bibi, hurudi kwenye sensa ya 1940, kisha ya 1930, kisha ya 1920. Ni kama mtu anayeshuka ngazi, kidato baada ya kidato.

Kila kidato kina habari zake. Sensa ya mwaka 1900 iliwauliza akina mama: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi? Mtafutaji akisoma "kumi" na kisha "wanne", anajua kwamba nyumba ile ilizika watoto sita. Sensa ya mwaka 1880 iliandika kila mtu ni nani kwa mkuu wa nyumba: mke, mtoto, mama, mkwe. Ile ya 1870 haikuandika hivyo. Ukimkuta humo mwanamke wa miaka 50, hujui kama ni mama, shangazi, au mpangaji.

Kidato kimoja kimevunjika kabisa. Karatasi za sensa ya mwaka 1890 zilipatwa na moto mjini Washington mwezi Januari 1921. Nyingine ziliharibiwa na maji ya kuzimia moto, na mabaki yake baadaye yakateketezwa. Karibu zote zilipotea. Basi mtafutaji akifika 1900, lazima aruke mpaka 1880, miaka 20 kwa mara moja.

Tena msidhani kila kilichoandikwa ni sawa. Karani aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia. Umri ulikadiriwa. Mara nyingine aliyejibu alikuwa jirani, wenyewe wako shambani. Mtu wa miaka 30 mwaka 1870 anaweza kuandikwa wa miaka 45 mwaka 1880! Kwa hiyo mtafutaji mwenye busara haangalii jina moja. Huangalia nyumba nzima. Mke akiwa yule yule, na watoto wakifuatana vile vile, basi nyumba ndiyo ile.

Akifika 1870 hugonga ukuta. Watafutaji wenyewe huuita hivyo, ukuta, kwa sababu nyuma yake majina ya watumwa hayamo katika sensa. Wengi huishia hapo. Lakini ukuta huo una mlango, na mlango mmojawapo ni pensheni.

MJANE ALETE USHAHIDI

Mwaka 1862, vita vikiwa vinaendelea, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipa askari walioumia vitani, na wajane na yatima wa waliokufa. Mwaka 1890 ilikuja sheria nyingine iliyopanua malipo. Askari aliyetumikia angalau siku 90, na ambaye hakuweza tena kufanya kazi za mikono, alistahili kulipwa hata kama hakuumia vitani.

Askari weusi wa jeshi la kaskazini walifika kiasi cha 179,000. Wengi wao walitoka utumwani. Vita vilipokwisha, wao na wajane wao nao waliomba haki yao.

Mjane alitakiwa kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, mume wangu alikuwa askari. Pili, mume wangu amefariki. Tatu, mimi ndiye mke wake wa halali. Hilo la tatu ndilo lililokuwa gumu. Sheria za kusini hazikuitambua ndoa ya watumwa. Watu walioana mbele ya wenzao, lakini cheti hakikuwapo. Bwana aliweza kumwuza mume leo na mtoto kesho. Sasa mjane huyu cheti atakitoa wapi?

Mwaka 1864 Bunge liliruhusu wajane wa askari weusi walete mashahidi mahali pa cheti. Hapo ndipo hazina ilipopatikana. Alikuja mkunga akasema ni yeye aliyempokea mtoto. Alikuja askari mwenzake marehemu. Alikuja mwanamke aliyekuwa mtumwa katika shamba lile lile, akasema amewajua tangu utoto. Mara nyingine aliitwa hata aliyekuwa bwana wao, au mtoto wake, aeleze alivyowamiliki.

Ofisi ya pensheni ilituma wakaguzi wake mpaka mashambani. Waliuliza: ulizaliwa wapi? Bwana wako alikuwa nani? Baba na mama yako waliitwaje? Ndugu zako waliuzwa wapi? Majibu yalitolewa kwa kiapo. Mkaguzi aliandika, na mwenye maneno akaweka alama ya msalaba mahali pa sahihi.

Shikeni hapo, ndugu zangu. Aliyesema hakujua kuandika. Lakini maneno yake yaliandikwa, yakawekwa katika jalada, na jalada likahifadhiwa. Majalada hayo yako mpaka leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya taifa mjini Washington, na mtu yeyote anaweza kuomba kuyasoma.

Wala haikuwa rahisi. Weusi walikataliwa mara nyingi zaidi kuliko weupe. Wengine walikufa wakingoja. Mfano mmoja nitawapa, tena wa mtu mashuhuri.

HARRIET TUBMAN NA MAJINA MAWILI YA MUMEWE

Harriet Tubman alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland. Mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa na utata. Cheti chake cha kifo kinasema 1815. Jiwe la kaburi linasema 1820. Yeye mwenyewe aliwahi kutaja 1825. Wanahistoria wa leo wengi hukubali 1822, kwa sababu imeonekana karatasi ya malipo ya mkunga ya mwezi Machi mwaka huo. Mnaona? Karani aliyeandika fedha za mkunga ndiye aliyetusaidia.

Mwaka 1849 Harriet alitoroka kwenda kaskazini. Hakutulia huko. Alirudi kusini kwa siri karibu mara 13, akawatorosha watu wapatao 70. Vita vilipoanza alilitumikia jeshi la kaskazini. Alikuwa mwuguzi, mpishi, mpelelezi na kiongozi wa njia.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863 alikwenda na Kanali James Montgomery na askari weusi wapatao 300 katika mto Combahee, jimbo la South Carolina. Kandokando ya mto huo palikuwa na mashamba makubwa ya mpunga yaliyolimwa na watumwa. Walikwenda kwa meli za mvuke. Harriet alikwisha kupata habari kutoka kwa watumwa wenyewe, mahali adui alipotega mabomu mtoni. Watumwa waliposikia meli zimefika, walizikimbilia na watoto mgongoni. Zaidi ya watu 700 waliokolewa. Wanaume wapatao 150 kati yao waliingia jeshini.

Baada ya vita Harriet aliishi mji wa Auburn, jimbo la New York. Mwaka 1869 aliolewa na askari mstaafu aitwaye Nelson Davis. Mume alifariki mwaka 1888. Sheria mpya ilipotoka mwaka 1890, Harriet aliomba pensheni ya mjane.

Shida ikawa moja. Mume wake aliitwa Nelson Davis, lakini jeshini alijiandikisha kwa jina la Nelson Charles. Ofisi ikasema: thibitisha kwamba hawa si watu wawili. Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Ilibidi apeleke viapo na mashahidi. Alingoja miaka mitano. Mwaka 1895 akaanza kulipwa dola 8 kwa mwezi. Mwaka 1899 Bunge likamwongezea, zikawa dola 20. Alifariki mwaka 1913.

Miaka mitano, ndugu zangu, kwa sababu ya majina mawili ya mtu mmoja.

MJUKUU ALIYEWAPATA

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Wale watu 700 na zaidi waliokimbilia meli, ni akina nani? Kwa muda mrefu vitabu vilitaja idadi yao na jina la Harriet. Majina yao hayakujulikana.

Mwanahistoria mmoja, Edda Fields-Black, aliamua kuwatafuta. Alifungua majalada ya pensheni ya askari waliotoka mashamba yale ya mpunga. Humo alikuta wajane na majirani wakieleza kwa kiapo: tulikuwa shamba la fulani, mama yangu fulani, tulitoka pamoja siku meli zilipokuja. Kisha akachukua karatasi za mabwana wao, wosia na hati za kuuziana watumwa, akalinganisha. Katika hati ya bwana mtumwa ana jina moja tu. Katika jalada la pensheni ana majina mawili, mke, wazazi na watoto. Majina yakikubaliana kwa familia nzima, mtu amepatikana.

Mama huyo alitoa kitabu mwaka 2024, akakiita "Combee". Mwaka 2025 kilipewa tuzo ya Pulitzer ya historia. Lakini kwake kulikuwa na jambo la karibu zaidi kuliko tuzo. Mmoja wa askari weusi waliokwenda mto Combahee usiku ule aliitwa Hector Fields. Huyo ni babu wa babu wa baba yake.

Mzee wangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Mjukuu amemjua babu yake.

Na wapo waliopita mlango mwingine, wa wosia. Michelle Obama, mke wa Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, ana asili hiyo. Mwaka 2009, ukoo wake ulipochunguzwa, walimkuta mama mmoja wa upande wa mama yake, vizazi vitano nyuma, aitwaye Melvinia. Jina lake limo katika wosia wa mwaka 1850, pamoja na ng'ombe na vitambaa vya meza. Alikuwa mtoto wa miaka sita. Muda mfupi baadaye thamani yake iliandikwa dola 475. Mwaka 1870 yumo katika sensa ya jimbo la Georgia, mtu huru, na watoto wake wanaye.

NA KWETU JE?

Msiseme haya ni ya Wamarekani. Kwetu pia wazee walipigana na kubeba mizigo katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wale askari wazee waliowatumikia Wajerumani. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza alikuta wazee mia kadhaa wamekusanyika, lakini wenye vyeti ni wachache mno. Basi akampa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wakafuata kila amri. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita!

Mmecheka, na mimi nilicheka. Lakini fikirini. Mzee yule aliyekuwa hai alishika ufagio. Aliyekufa mwaka mmoja kabla, mjane wake angeshika nini?

Na sasa niseme la hapa hapa. Mama mmoja wa kikundi chetu ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Mume wake alifanya kazi ya mshahara miaka mingi, akikatwa fedha za uzeeni. Alifariki mwaka jana. Karatasi za kazini zina jina lake na la baba yake. Cheti cha ndoa kina jina la ubatizo na la babu yake. Kitambulisho kina herufi moja tofauti. Mama amekwenda mjini safari nne. Kila akifika anaambiwa alete hati ya kiapo na watu wa kuthibitisha kwamba majina yale ni ya mtu mmoja. Alikwenda kumtafuta rafiki aliyeajiriwa pamoja na mumewe. Akakuta amezikwa miezi miwili iliyopita. Shauri lake bado halijaisha.

Kisa cha mama huyu na kisa cha Harriet vinafanana, ijapokuwa vimepishana zaidi ya miaka 100. Lakini kuna tofauti moja. Harriet hakuweza kusoma alichokiandika karani. Ninyi mnaweza. Karani wa sensa akija, karani wa zahanati akiandika kadi ya mtoto, mchungaji au shehe akiandika cheti cha ndoa, mwombe uione karatasi. Isome. Herufi ikikosewa, mwambie kwa adabu airekebishe pale pale. Usione haya. Hiyo ndiyo kazi ya kisomo chetu.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mmoja atafute daftari moja, aliite daftari la ukoo. Humo aandike mambo haya.

1. Majina yote ya kila mtu: la nyumbani, la ubatizo au la dini, la shule, na la kazini. Kama ni mtu mmoja mwenye majina matatu, andika hivyo wazi.

2. Mahali na mwaka aliozaliwa. Asiyejua mwaka, aandike jambo lililotokea: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa mafuriko, mwaka wa Uhuru.

3. Ndoa: nani kaoa nani, wapi, na nani walikuwapo.

4. Kazi aliyofanya, wapi, kuanzia lini mpaka lini, na nani walifanya naye.

5. Waliofariki na mahali walipozikwa. Watoto waliokufa wachanga nao waandikwe.

6. Nani alikueleza habari hiyo, na tarehe aliyokueleza.

Jambo moja zaidi. Mzee wetu alitutajia watu saba, na wote ni wanaume. Je, mama zao? Jalada la pensheni la Marekani lilitunza majina ya akina mama kwa sababu mjane ndiye aliyedai. Sisi tusingoje madai. Andikeni bibi naye aliitwa nani na alitoka kwa akina nani.

Daftari liwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa na jiko. Likijaa, linakiliwe, nakala moja ikae kwa ndugu mwingine. Mmesikia yaliyoipata sensa ya mwaka 1890.

Tukikutana tena tuzungumze maswali haya. Je, katika karatasi zako majina yako yanafanana? Ni mzee gani katika ukoo wako anayejua habari ambazo hakuna mwingine anayezijua? Utamwendea lini?

Nimemaliza. Lakini kabla hatujatawanyika, namwomba mzee wetu asogee hapa mbele kwenye meza. Ataje majina yake saba, na ya mama zao anaowakumbuka. Binti yetu mwenye mwandiko mzuri ataandika. Kisha mzee atavaa miwani yake, asome mwenyewe jina moja moja, atuambie kama tumeandika sawasawa.